Chumba cha Nne cha Rungu na Domo

Walter ndiye aliyenipiga kwanza. Ukienda Muhoroni watakuambia kwamba yule mwanamke wa bucha kutoka Kondele aliingia matangani akaanza kurusha ngumi kama mtu aliyepagawa. Waongo. Ngumi ya kwanza ilitoka kwa Walter, ikanipata hapa kwenye taya, na jino la nyuma linacheza mpaka leo. Ya pili ndiyo yangu, na sijutii.

Naitwa Nasambu. Bucha niliirithi kwa baba yangu, na watu wakiona mikono yangu na damu kwenye aproni wanadhani furaha yangu yote iko kwenye mbuzi. Furaha yangu ilikuwa ukutani. Ukuta mzima nyuma ya mizani ulijaa katuni za Rungu na Domo, zile zenyewe zilizochorwa kwa mkono wa Mzee Mathews Owiti, nimezitia fremu na vioo ili mafuta yasizifikie.

Usichanganye hizo na zile za gazetini. Gazeti tulifungia maini. Mchoro wa asili ni kitu kingine kabisa: karatasi ngumu, kubwa mara mbili ya ile iliyochapwa, na wino umekaa juu yake mpaka unauhisi kwa kidole. Chini ya wino kuna mistari ya penseli ya buluu ambayo kamera ya wachapaji haikuiona, na pale mchoraji alipobadili mawazo kuna rangi nyeupe iliyokauka kama chokaa. Unaona mkono ulivyofikiri kabla haujaamua. Mimi nilikuwa nikifunga bucha nabaki mle ndani dakika chache nikiziangalia tu, na uchovu wote unaniisha.

Gazeti liliitwa Mwangaza wa Ziwa, lilitoka kila Ijumaa, na limekufa zamani. Katuni ilikuwa na vyumba vinne. Chumba cha kwanza, Bi Domo anaropoka. Cha pili, mumewe Bwana Rungu anavumilia. Cha tatu, uvumilivu umemwisha. Cha nne, PAAA! na Bi Domo yuko chini, jicho limefura, nyota zinamzunguka kichwani. Kila wiki kosa la Bi Domo lilikuwa jipya na kipigo kilikuwa kipya, na Kisumu nzima ilicheka. Baba alitusomea kwa sauti pale Manyatta, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi nilicheka nimemshika goti. Mama hakuwa mtu wa katuni. Gazeti likifunguliwa yeye alitoka nje kuangalia jiko, hata kama jiko halikuwa na moto.

Halafu Rungu na Domo wakakatika ghafla. Ijumaa moja walikuwapo, Ijumaa iliyofuata mahali pao pana tangazo la sabuni. Sisi tunaokusanya michoro hii tulikuwa na hakika kwamba serikali ya wakati ule iliipiga marufuku, kwa kuwa Bwana Rungu alianza kufanana na mkubwa fulani. Na tulijua, kwa uvumi tu, kwamba ipo ya mwisho ambayo haikuwahi kumalizika, vyumba vitatu vimetiwa wino na cha nne ni kitupu. Walter, mwenye duka la picha na vinyago mjini, aliitaka. Mimi niliitaka kuliko yeye. Niliitaka mpaka nikawa naiota.

Nilimwendea Mzee Owiti mara nyingi kule kwake, ng'ambo ya mashamba ya miwa. Alikuwa akiniuzia mmoja mmoja, ananipa kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameuficha kwenye mfuko wa koti. Trekta ya miwa iliusaga, alisema, na akaacha kuchora. Nikimuuliza ile ya mwisho anaita chai. Mkewe alikuwa akileta chai, kilemba kimeteremka mpaka kwenye nyusi, anaiweka na kutoka. Sikuwahi kumtazama usoni. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi.

Mzee akafa, akazikwa. Siku chache baadaye nilikuwa nakata mguu wa ng'ombe simu ikalia. Ni Lornah, binti yake, ambaye hununua matumbo kwangu.

"Auntie Nasambu, kuja saa hii. Leo ni keyo nyinyo. Baba mdogo Dishon anakata picha za baba na panga."

Keyo nyinyo ndiyo siku ambayo Wajaluo wanagawana vitu vya marehemu. Huyu anachukua koti, yule kiti, mwingine redio, kila ndugu aondoke na kitu cha mtu wao. Mimi ni Mbukusu, lakini nimeishi nao maisha yangu yote, na mila hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na Dishon. Niliacha mguu wa ng'ombe ukining'inia, nikavuta mlango wa bucha, nikaondoka na aproni yangu. Kisu cha kazi kilikuwa bado mfukoni mwake.

Nilimkuta Dishon ameketi uani, karibu na jivu la ule moto mkubwa wa matanga, gogo liko mbele yake, sanduku la bati liko kando. Anatoa mchoro sandukuni, anaulaza kwenye gogo, anaupiga panga mara tatu, anapata vipande vinne. Halafu anaita jina. Binamu anakuja kuchukua chumba chake, shangazi chake, mpwa chake. Na kila aliyepokea alipita kwa Walter, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya paa, na Walter alikuwa akivinunua vile vipande. Watalii wanapenda picha ndogo inayoingia kwenye mkoba. Yule mjinga, anayejua thamani ya mchoro mzima kama ninavyoijua mimi, alikaa pale akitazama unakatwa, akihesabu noti.

"Dishon! Unafanya nini?"

"Nafanya haki," akajibu bila kuniangalia. "Watu ni mingi, picha ni kidogo. Unataka wengine watoke hapa mikono mitupu?"

"Nitanunua zote. Mzima mzima. Mtagawana pesa."

"Pesa si kitu ya marehemu. Hii ndio kitu ya marehemu."

Na kusema kweli alikuwa akiamini hivyo. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwenye haki ya kijinga na panga lililonolewa vizuri, na hiyo ni mbaya kuliko wizi. Akaingiza mkono sandukuni akatoa nyingine, akailaza kwenye gogo, na mimi nikaona weupe. Vyumba vitatu vya wino mweusi. Cha nne, karatasi tupu.

Niliruka. Nilishika pembe moja ya ile karatasi na Walter akashika nyingine, sijui alitoka vipi kwenye kile kiti kwa haraka hiyo. Tukatazamana. Hakuna aliyethubutu kuvuta, kwa hofu ya kuirarua.

"Achilia, Nasambu. Nilifika kwanza."

"Achilia wewe, mchuuzi wa vipande!"

Ndipo akanipiga. Nilisikia taya likigonga, mdomo ukajaa chumvi. Nikaachia karatasi ili nipate mkono, nikampiga puani, na mkono uliovunja mbavu za ng'ombe miaka yote hiyo haukuniangusha. Pua ilikwenda upande. Damu ikamwagika kwenye shati lake jeupe. Akanishika shingo kwa mkono mmoja, karatasi ameiinua kwa mwingine, tukaanguka wote kwenye jivu la matanga, naye juu yangu ananisonga, mimi chini yake nampiga magoti ya tumbo. Watu wakapiga mayowe. Nikamng'ata mkono mpaka nikasikia meno yangu yakikutana na kitu kigumu.

"Mnapigana kwa boma ya ndugu yangu!" Dishon akanguruma. "Nitakata hiyo kitu na nikate nyinyi!"

Akaja na panga. Sidhani alitaka kuniua. Nadhani alitaka kupiga karatasi, lakini mkono wangu ulikuwa njiani, na panga likanifungua hapa chini ya kiwiko. Najua nyama inavyofunguka. Nilitazama nyama yangu mwenyewe ikifunguka, kwanza nyeupe, halafu nyekundu ikaja, na hasira iliyonipanda siwezi kukueleza. Nikamtupa Walter kando. Nikachomoa kisu. Sikuwa natisha mtu. Nilikuwa natafuta pale chini ya sikio la Dishon, mahali ninapopajua kwa mbuzi.

"Dishon."

Sauti haikuwa kubwa. Mjane alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mchi wa kutwangia njugu uko mikononi mwake. Sasa sikilizeni ajabu. Dishon, mtu mzima mwenye panga lenye damu, aliliachia panga likaanguka. Akaficha mikono yake yote miwili makwapani, kama mtoto anayeogopa fimbo ya mwalimu.

"Leta hiyo sanduku," mjane akasema.

"Min Lornah," akasema, kwa maana ya Mama Lornah, "hii ni vitu ya ndugu yangu. Leo tunagawa. Ni mila."

"Mila naijua. Mnagawa vitu ya mtu amekufa." Akavua kilemba. Alikivua polepole, akakitupa chini. "Koti ni yake, chukueni. Kiti ni yake. Hiyo picha angalieni vizuri, halafu muangalie mimi. Hiyo sura ni ya nani? *An pok atho*, Dishon. Mimi sijakufa. Nani amewaambia mnigawe?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuingia boma lile, nikamtazama usoni. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba nusu na halifunguki zaidi. Juu yake, kwenye paji, kulikuwa na kovu lililopinda. Jino la mbele hakuna. Kovu lile nilikuwa nalifuta vumbi kila Jumamosi. Lilikuwa ukutani kwangu, kushoto kwa mizani, ile ya chungu kilichovunjikia kichwani kwa Bi Domo kwa sababu aliunguza samaki.

Walter hakuelewa, au alielewa na hakujali. Alikuwa amesimama, pua inamwagika, na ile karatasi ya mwisho iko mkononi mwake. "Mama, weka hiyo mti chini," akasema. "Hii nimeshalipia." Akageuka aende.

Mjane akamfuata hatua mbili tatu, akauteremsha mchi kwenye goti lake. Nimesikia mifupa mingi ikivunjika na huo ulilia vizuri. Walter alianguka akipiga kelele ambazo nadhani zilifika mpaka kiwanda cha sukari, na karatasi ikaanguka kando yake, safi, bila hata tone la damu. Vijana wakambeba kumpeleka hospitalini. Hakuna aliyenyoosha mkono dhidi ya yule mama. Mmoja baada ya mwingine ndugu walirudisha vipande vyao sandukuni, na wengine wakaenda kuvichukua kwenye mkoba wa Walter.

Aliniingiza jikoni, akanikalisha kwenye kigoda, akaniosha mkono kwa maji ya chumvi, akanifunga kwa kilemba kile kile. Sanduku lilikuwa miguuni petu.

"Wewe ndio ule wa bucha," akasema. "Zako umeweka wapi?"

"Ukutani, Mama. Pale buchani."

"Watu huona?"

"Wanaona."

"Hucheka?"

Ningependa kukuambia nilidanganya kumhurumia. Sikuweza. "Wanacheka, Mama."

Akatikisa kichwa, akavuta kuni mbele. Akanieleza akiwa anatazama moto, bila kulia, kama mtu anayeeleza jinsi ya kukausha samaki.

"Mzee alikuwa hawezi kuchora kitu hajaona. Mkono yake ilikuwa hivyo. Nyumba, lazima aende asimame mbele ya nyumba. Ng'ombe, lazima ng'ombe akuwe hapo. Sasa gazeti ilikuwa inataka katuni Jumatano, inaenda Kisumu na basi ya asubuhi. Kwa hivyo Jumanne lazima kitu ifanyike. Jumanne watoto nilikuwa napeleka kwa nyanya yao. Anachora vyumba tatu, ananiita. Nikishaanguka anachukua penseli haraka. Ananiambia, kaa hivyo. Usijipanguse."

Nilikumbuka zile penseli za buluu chini ya wino. Nilikuwa nimewaambia watu wengi, kwa fahari, tazameni jinsi mistari ya chumba cha nne ilivyo ya haraka, ina uhai kuliko ya vyumba vingine. Nilikuwa nimewaonyesha kwa kidole. Nikatapika pale pale jikoni kwa mwenye nyumba, na aibu yake naisikia mpaka leo.

Alinisubiri nimalize, akapafunika kwa jivu. Na mimi, Mungu anisamehe, taya limevimba, mkono umefungwa, bado nilikuwa na ile karatasi mapajani. Bado nilitaka kujua.

"Na hii, Mama? Walituambia serikali ilimkataza."

"Serikali gani?" Akacheka kidogo, pengo likaonekana. "Serikali ilijua Owiti?"

Akaichukua, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Chumba cha kwanza, Bi Domo ameuza kuku bila ruhusa. Cha pili, Bwana Rungu anahesabu kuku. Cha tatu, Bwana Rungu ameinua mkono. Ulikuwa mchoro mzuri, lazima niseme, mkono ule ulivyochorwa na mishipa yake yote. Yule mtu alikuwa fundi.

"Hiyo Jumanne nilikuwa natwanga njugu. Akaniita kutoka huko ndani: Kuja, nimefika chumba ya nne. Nikaenda. Mchi ilikuwa kwa mkono, sikukumbuka kuiweka chini. Nikapata yeye kwa meza, ameshika kalamu, anangoja wino ikauke. Mkono imelala hapo juu ya karatasi nyingine. Nikaiangalia. Nikasema kumbe ni mkono tu. Nikapiga. Nikapiga mpaka kalamu ikaingia kwa mbao. Dishon alikuwa hapo mlangoni, alikuja kuomba tumbaku. Aliona yote."

"Na Mzee?"

"Alikuwa analia kama ndama. Anataka kutoa mkono, anataka kujifuta machozi. Nikamwambia, kaa hivyo. Usijipanguse."

Nje kuku walikuwa wakichakura jivu. Alikunja midomo yake, akapuliza moto.

"Alafu nikampikia. Miaka yote hiyo nimempikia, nikamkatia ugali kidogo kidogo, anakula na kushoto. Hakunigusa tena. Na trekta, hiyo ni yeye alisema. Mwanaume atasema nini?"

Siku iliyofuata nilifungua bucha, nikashusha Rungu na Domo wote kutoka ukutani. Wateja waliuliza kama nimefilisika. Khaemba, anayeuza kuku jirani yangu, alisema nimerogwa Muhoroni. Nilivua vioo kimoja kimoja, nikaifunga michoro yenyewe pamoja na mbavu nzima za ng'ombe, nikampelekea Min Lornah. Tulizichoma zote chini ya sufuria ya nyama ile, zangu na zake na vipande vya Dishon. Karatasi ngumu ina moto mzuri. Nililia nikizitia, sitakuficha, kwa sababu nilizipenda maisha yangu yote na kwa sababu nilijua nilichokuwa nimependa. Yeye hakulia. Aliionja nyama akasema chumvi haijatosha.

Nikashika ile ya mwisho niitie. Akanizuia.

"Hiyo acha. Hiyo moja ndio sikupigwa. Weka kwa bucha yako, watu waone."

Sasa iko peke yake ukutani, juu ya mizani. Wateja huuliza mbona chumba cha nne kina karatasi tupu, na mwenye haraka nampimia nyama yake aende. Walter anatembea na fimbo na tukikutana Oginga Odinga Street anavuka barabara.

Juzi mama yangu alikuja kuchukua nyama ya supu. Ni mzee sasa, baba alishafariki, na pale buchani alikuwa hataki kuingia, akija anasimama nje na mimi namtolea. Siku hiyo aliona kutoka mlangoni kwamba ukuta ni mweupe. Akaingia. Akasimama chini ya fremu ile, akaangalia chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Halafu akangoja, bega limepanda kidogo, kama mtu anayejua kinachokuja.

"Ya nne iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Niliweka kisu chini nikamwambia yote, Jumanne, penseli, njugu, mchi.

"Mkono gani?" Mama akauliza.

"Wa kulia, Mama."

"Ule wa kuchora?"

"Ule wa kuchorea na wa kupigia. Ulikuwa mmoja."

Kwanza bega likashuka. Halafu akaanza kucheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko cha mama yangu na sikukijua, nilidhani amepaliwa, nikazunguka meza kumkimbilia. Alikuwa ameshika gogo langu la nyama kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, anapiga gogo kwa kiganja, na kila akijaribu kunyamaza anainua macho kwenye chumba kile kitupu na kuanza upya. Nje watu walisimama kutazama. Nilimletea chai. Alipiga funda moja, akaangalia ukutani, na chai ikamtoka puani.